Katoni ya biskuti kwenye Peugeot ya Baba

IJUMAA USIKU

Swaleh: Asalaam aleikum jamaa. Ami Bakari upo? Gari la Baba limenishinda. Barabarani halina neno, ukiachia mafuta tu linazima. Kabureta nimeifungua mara ya tatu leo

Ami Bakari: Waaleikum salaam. Kabureta ni ya kuchanganya petroli na hewa, si sufuria mwanangu, haioshwi kila baada ya kula. Jeti, vile vitundu vya kupitishia petroli, umezisafisha kwa kitu gani?

Swaleh: Sindano ya cherehani

Ami Bakari: Lahaula. Jeti ni shaba laini, tundu lake limepimwa mpaka sehemu za mia za milimita. Ukilichokonoa kwa chuma unalipanua, gari linaanza kunywa petroli kama ngamia. Petroli safi na upepo wa kompresa, basi. Kompresa huna, tumia pampu ya baiskeli.

Mama Swaleh: Kumbe ndiyo sindano niliyoitafuta juzi

Ami Bakari: Haya, na chini ya kabureta, pale inapokaa, umeweka gasketi gani ya kuziba upepo?

Swaleh: Ile ya zamani ilikatika nikitoa. Nimekata nyingine

Ami Bakari: Umekata kwenye nini?

Ami Bakari: Swaleh

Swaleh: Katoni ya biskuti

Hamadi: 😂😂😂 gari linataka chai sasa

Rukia (Nairobi): Hamadi nyamaza, wewe baiskeli yako ina kamba badala ya breki

Ami Bakari: Sikiliza. Katoni inanyonya petroli, inavimba, kisha joto la injini linaikausha inasinyaa. Hapo upepo unaingia kwa pembeni bila kupita kwenye kabureta. Likiwa mwendoni injini inavuta hewa nyingi, upepo huo wa wizi hauonekani. Ukiachia mafuta mlango wa kabureta umefungwa, mvuto wa injini wote uko chini yake, ufa kama wa unywele unatosha kulizima. Ndiyo maana barabarani halina neno. Wewe umefungua kabureta mara tatu kutafuta ugonjwa ulio chini ya kabureta.

Swaleh: Nitajuaje kweli ni hapo?

Ami Bakari: Washa, mtu akushikilie mafuta kidogo lisizime. Chukua maji kwenye chupa ya kupuliza, nyunyiza kidogokidogo pale kwenye kiungo. Mlio ukibadilika, umempata mwizi. Wengine hunyunyiza petroli. Wewe usithubutu.

*dakika kumi na tano baadaye*

Swaleh: Umebadilika! Upande wa kushoto. Nikinyunyiza linatulia kabisa, maji yakikauka linaanza tena

Mama Swaleh: Hiyo chupa ni yangu ya kupigia pasi. Na mikono ina grisi. Naiona nikiwa dirishani

JUMAMOSI

Ami Bakari: Leo kabla hujafunga, kitako cha kabureta kiweke juu ya kioo. Kioo ndicho kitu kilichonyooka kuliko vyote nyumbani. Angalia kama mwanga unapita chini yake.

Swaleh: [picha] Unapita. Kwenye masikio mawili ya bolti kumeinuka

Ami Bakari: Ni kukaza kwa hasira huko. Mtu akiona panavuja anaongeza nguvu, masikio yanapinda, panavuja zaidi. Weka msasa laini juu ya kioo, zungusha kabureta kama unaandika nane, usikandamize. Nenda mpaka mikwaruzo ienee kote.

Mama Swaleh: Kioo gani?

Swaleh: Cha meza ya sebuleni Mama, nitakirudisha

Mama Swaleh: 🙄

Ami Bakari: Halafu kile kipande cheusi kinene baina ya kabureta na injini kinazuia joto lisipande likachemsha petroli. Kinataka gasketi juu NA chini. Umeweka ngapi?

Swaleh: Moja

Ami Bakari: Nilijua. Kanunue karatasi ya gasketi ya kupima, wanakukatia. Usichore kwa kalamu. Ilaze juu ya chuma, gongagonga ukingo polepole kwa nyundo ndogo, chuma chenyewe kinaikata. Na jiko la makaa la mamako lisiwe karibu. Nimemuona mtu Majengo ameunguza gari na kibanda kwa petroli iliyo kwenye kopo la maziwa.

Hamadi: Ami wewe hili gari umelijulia wapi hivi?

Ami Bakari: 1975 nilikuwa na miaka tisa, tumekaa kwenye redio, Ove Andersson anashinda Safari Rally na Peugeot 504 kama hii. 1978 Nicolas akashinda tena na 504, ile ya injini ya V6, silinda sita. Marehemu kaka akaapa hatanunua gari jingine. Akanunua hili la safu tatu za viti, akapeleka watu Malindi miaka kumi na mbili. Mimi ndiye niliyekuwa chini yake.

Swaleh: [video] SIKILIZENI. Nimeachia mafuta kabisa. Dakika ishirini halijazima!

Rukia (Nairobi): Mashaallah linalia kama cherehani

Mama Swaleh: Cherehani isiyo na sindano

Ami Bakari: Vizuri. Lakini video yako nimeitazama mara mbili. Ule moshi mweupe nyuma ni wa nini? Leo kuna jua.

Swaleh: Nilidhani ni mvuke wa asubuhi tu

Ami Bakari: Dakika ishirini? Likipoa fungua rejeta, KIPOE KWANZA hicho kifuniko, kisha liwashe ukitazama ndani.

Swaleh: Linatoa povu. Mapovu mfululizo kama soda

Ami Bakari: Mfuniko wa oili?

Swaleh: Oili nyeusi tu, haina weupe

Ami Bakari: Alhamdulillahi, maji hayajaingia kwenye oili. Gasketi ya silinda hedi, kile kichwa kinachofunika injini juu, imekatika baina ya silinda na njia ya maji. Na ilikuwa hivyo tangu zamani, wewe hukuona kwa kuwa gari lilikuwa halikai likiwaka limesimama. Rukia, Jumatatu pita Kirinyaga Road kwenye maduka ya vipuri unitafutie gasketi hiyo. 504, petroli, injini ya cc 1971. Swaleh usiguse hedi, nakuja Jumapili baada ya adhuhuri.

Swaleh: Sawa Ami

JUMAPILI ASUBUHI

Hamadi: [picha]

Hamadi: Tumeamka mapema tukupunguzie kazi Ami. Hedi hiyo juu ya mkeka 💪

Hamadi: Tunazungusha injini tuone pistoni za nyuma

Ami Bakari: USIZUNGUSHE

Ami Bakari: MSIZUNGUSHE INJINI

Ami Bakari: [simu haikupokelewa]

Ami Bakari: [simu haikupokelewa]

Ami Bakari: Mama Swaleh watokee dirishani uwapigie kelele

Mama Swaleh: Nimewapigia. Wameshika spana hewani wote wawili kama sanamu

Swaleh: Hatujazungusha Ami. Kuna nini?

Ami Bakari: Injini hiyo si kama za Toyota mlizozoea, ambazo silinda zimetobolewa kwenye bloki yenyewe. Humo kuna slivu nne, mabomba ambamo pistoni zinapanda na kushuka, zimesimama ndani ya maji, na kilichozishika zisicheze ni hedi. Umeshaitoa hedi. Ukizungusha, pistoni inapanda na slivu yake, sili ya chini inaachia, maji yote yanashuka kwenye oili. Hapo kazi ya gasketi inageuka kazi ya kushusha injini nzima.

Hamadi: 😳

Ami Bakari: Chukueni bolti mbili za hedi, mabomba mafupi ya kujazia urefu na washa kubwa, yale mapete ya chuma ya kuweka chini ya bolti. Washa ikanyage midomo ya slivu mbili mbili. Kazeni kwa mkono tu. Ndipo mtapumua.

Swaleh: [picha] Hivi?

Ami Bakari: Ile ya kulia isogeze, imekanyaga pistoni. Hapo. Bolti mlizifungua vipi?

Swaleh: Kutoka nje kuja katikati, kidogokidogo. Nilikumbuka ulivyomwambia Baba

Ami Bakari: Sawa. Hapo nimefurahi. Kurudisha ni kinyume chake, katikati kwenda nje, kwa raundi tatu, na spana ya kupimia nguvu nitakuja nayo. Zile fito nane za kusukuma valvu mmeziwekaje?

Hamadi: Kwenye ndoo

Ami Bakari: Zote pamoja?

Hamadi: Ziko safi lakini

Ami Bakari: Kila fito imelika na mwenzake miaka arobaini, Hamadi. Angalieni ncha zake mjaribu kukumbuka. Mara nyingine toboa matundu nane kwenye katoni, andika namba, chomeka. Ile katoni ya biskuti kazi yake ni hiyo.

JUMATATU

Rukia (Nairobi): Ami niko dukani. Anasema gasketi za 504 zote ni sawa tu, anataka pesa haraka

Ami Bakari: Si sawa, zilikuwa injini za ukubwa mbalimbali. Nimekutumia picha ya ile ya zamani na rula pembeni. Pima duara ya silinda, kisha hesabu matundu ya maji. Likipungua moja iache.

Rukia (Nairobi): Duara ni ndogo kuliko yetu

Rukia (Nairobi): Sasa ametoa nyingine chini ya meza. Hii inalingana mpaka matundu. Bei imepanda ghafla 😅

Ami Bakari: Nunua. Itie kwenye basi la usiku, isikunjwe, iwekwe baina ya mbao mbili. Swaleh, hedi ipeleke kwa wachongaji. Jana nimeilaza rula, katikati karatasi inapita. Ni aluminiamu, imepindishwa na joto. Waambie wakwangue kidogo kabisa, wasile chuma.

Mama Swaleh: Shemeji, na harusi ya Malindi Jumamosi? Nyanya anasema hapandi kitu kingine ila gari la mwanawe

Ami Bakari: Gasketi hizi za kizamani hukazwa tena injini ikishapata moto ikapoa, na valvu zipimwe upya. Kisha nataka niliendeshe peke yangu siku mbili tatu nione maji.

Mama Swaleh: Kwa hivyo tuweke nafasi kwenye matatu?

Ami Bakari: Wekeni. Nyanya nitamwambia mimi.