Maduka ya zamani Moshi yanavunjwa, Marekani wanayazuiaje?

Mangi_wa_Sokoni:
Wakuu habari za jioni. Nina fremu hapa Moshi mjini karibu na soko, jengo ni lile la zamani la Wahindi, chini maduka juu watu wanaishi, lina baraza yenye nguzo na kule juu mbele wamechonga mwaka kwenye simenti ila huwezi kuusoma tena maana kampuni ya simu ilipaka rangi yake mbele nzima. Sasa mwenye nyumba anasema anavunja apandishe ghorofa. Mdogo wangu yupo Indiana, kanitumia picha za mji mdogo unaitwa Madison, kando ya mto Ohio, aisee mtaa mzima matofali ya miaka ya 1800 na maduka yanapiga kazi. Wale wamekatazwa kisheria kuvunja au wanapenda tu?

dada_wa_Rau:
Mangi, wengi wanadhani kile kibao cha kihistoria ndio kinazuia. Wapi. Wana rejista ya taifa ya majengo ya kihistoria iliyotokana na sheria ya 1966, miaka mitatu baada ya stesheni ya treni ya Penn pale New York kuanza kuvunjwa watu wakachachamaa. Lakini jengo la mtu binafsi, kwa hela yake mwenyewe, hata kama limo kwenye rejista hiyo haimzuii kulivunja. Kinachobana kweli ni sheria ndogo za mji, mji wa Charleston kule South Carolina ndio walitangulia 1931, kuna bodi, ukitaka kugusa hata dirisha la mbele unapeleka maombi.

Halafu kuna hela. Ukikarabati jengo la biashara lililotambuliwa, kwa viwango vyao, asilimia 20 ya gharama inakatwa kwenye kodi unayodaiwa na serikali kuu. Umetumia dola 100,000, kodi inapungua 20,000, ila siku hizi inagawanywa kwa miaka 5. Nyumba unayoishi mwenyewe haimo. Mwenye nyumba wako angeambiwa hivyo angeshika kikokotoo fasta.

Kijenge_Juu:
Msiwapambe sana jamani. Madison ilipona kwa ukata kwanza, sheria zimekuja baadae. Enzi za meli za mvuke ilikuwa bandari ya maana, na reli ya kwanza ya Indiana ilianzia hapo, kisha reli nyingine zikabeba mizigo kwingine, hela ikahama, sasa nani avunje ajenge nini?

Na miji midogo kibao ilikuja kukaushwa na mol za barabara kuu, miaka ya 50 na 60 wenye maduka wakaona aibu wakafunika matofali yao kwa alumini waonekane wa kisasa. Hiyo rangi ya kampuni ya simu ni ugonjwa huohuo. Mwaka 1977 ndio ukaanza mradi wa majaribio kwenye miji mitatu, Madison mmojawapo, kila mji ukapewa meneja wa kukaa na wenye maduka, kurekebisha sura za mbele, kutafuta wateja. Yaani walikaa meza moja. Sisi hapa Arusha majirani wa ukuta mmoja hawasalimiani, kila mtu na jenereta lake barazani.

fundi_chokaa:
Mangi huo ukuta umechoka kweli au plasta ndio inadondoka? Kuta nyingi za zamani zilijengwa kwa chokaa, fundi anakuja anaziba na saruji ngumu, maji yanakosa pa kutokea, baada ya masika mbili plasta inabanduka vipande kama chapati, watu wanasema jengo limeoza. Hata huko Marekani miongozo yao inaonya usijaze saruji ngumu kwenye matofali laini ya zamani, tofali ndio litapasuka.

dada_wa_Rau:
Na hati ni ya nani? Majengo mengi ya mjini yalitaifishwa 1971 yakaenda kwa Msajili wa Majumba, baadae NHC, shirika la nyumba la taifa. Usije ukabishana na mtu asiye mwenyewe.

Mangi_wa_Sokoni:
Ni la kwake, hati nimeiona. Anasema benki inamkopesha kwa ghorofa jipya, kwa ukarabati hawataki hata kumsikiliza. Fundi, plasta inabanduka upande wa nyuma tu, mbele iko ngangari. Unaweza kupita uangalie?

fundi_chokaa:
Nipo Majengo, napita Jumatatu asubuhi. Tafuta ngazi ndefu, na umwambie mwenye nyumba naye awepo.