Tupeane uzoefu: raundi za vinywaji, mwenye hela ndogo anafanyaje?

Wakuu habari za jioni, niko Mwanga hapa Kigoma. Naomba tuongelee hii kitu ya kuzungusha meza. Mmekaa watu sita, wa kwanza anamwambia mhudumu "wape kama walivyo", zamu ikifika kwa wa sita kila mtu ana chupa sita tumboni hata yule aliyetoka nyumbani na hela ya mbili. Mi raundi naipenda kwa moyo wote, watu wanajuana pale, ila inaniuma sana nikimwona kibarua anasubiri zamu yake roho juu huku mwenye mshahara anaagiza bia za bei mbaya. London wakati wa vita, mwaka 1915, serikali ilipiga marufuku kabisa kununuliana pombe kwa kuona raundi zinawalewesha watu. Sisi sheria hatuihitaji, tuambiane tu, kwenu mnafanyaje?

Mdau wa Kibirizi: Mkuu kwetu wavuvi wa dagaa raundi haiishi usiku mmoja. Taa inakusanya dagaa kukiwa na giza, mbalamwezi ikiwa kali boti zinapumzika. Sa giza likiwepo mvuvi ndo anazungusha, bodaboda na fundi mashine wanakunywa tu na hakuna wa kuwaangalia vibaya, mwezi ukiwaka wao ndo wananunua. Mtu akianza kudai zamu ilipwe usiku huohuo tunamwona bado hajajua kuishi na watu.

Mdau wa Ujiji: Mi pombe situmii, yetu kahawa na kashata barazani, lakini zamu ni zilezile. Tuna mzee wetu kipato hana tena, vijana wanamlipia. Siku moja akatia mkono mfukoni alipie wote, kijana akamzuia mbele za watu, "acha mzee, wewe huna". Jamani mzee hakuonekana tena barazani mpaka tulipomfuata nyumbani kumwomba radhi. Siku hizi akitaka kulipa tunapokea na tunamshukuru, ni haki yake.

Mdada wa Urambo: Na mi niseme ya upande wa nyumbani. Hela za tumbaku zikiingia huku Tabora meza zinazunguka mpaka alfajiri, mume wangu alikuwa hawezi kuinuka kabla hajarudisha, ashaagiziwa na kila mtu ataondokaje? Tukakaa tukakubaliana, akifika tu anasema "leo najinunulia mwenyewe", kabla hata chupa haijafunguliwa. Walimnunia, mmoja akamwita mchoyo, ila msimu uliofuata wenzake wengine nao wakaanza kusema hivyohivyo. Ada za watoto tumelipa na pembejeo hatukukopa.

Mwenye mada: Dada asante sana, hiyo ya kusema kabla chupa haijafunguliwa nimeichukua. Mkuu wa Kibirizi, mwezi umewaka na bodaboda naye hana kitu, hapo inakuwaje?

Mdau wa Kibirizi: Tunakunywa chai kwa mama ntilie mkuu, anaandika kwenye daftari, giza likirudi analipwa wa kwanza.