Naomba ushauri: swichi ya mlango wa mashine ya CNC inasimamisha mashine kazi ikiendelea

Wakuu, leti ya CNC (mashine ya kuchonga vyuma inayoongozwa na kompyuta) inasimama ghafla na kuonyesha mlango uko wazi, kumbe umefungwa. Swichi ni ya ulimi (kipande cha chuma cha mlangoni kinachoingia ndani ya swichi), kontakti mbili, volti 24 DC, kwenda rilei ya usalama, yaani kifaa kinachozima mashine mlango ukifunguka. Kwa mita ya kupimia umeme, kontakti ya kwanza inasoma 0.3 ohm, ya pili inaruka hadi 40 mlango ukitikiswa. Ulimi umekwaruzwa upande wa chini, na magurudumu ya mlango yameliwa, mlango umeshuka kama milimita 2.

Nibadili magurudumu kwanza, ama nihamie swichi ya sumaku yenye msimbo (isiyodanganywa na sumaku ya kawaida)? Baadhi hutoa ishara za transista zenye mapigo mafupi ya kujipima zenyewe. Rilei yangu ya sasa, inayosoma kontakti, itazipokea?

Kuruka swichi kwa waya msinishauri. Chaki (kishikio kinachozungusha chuma kinachochongwa) ya milimita 200 kwa mizunguko 3000 kwa dakika haina utani.