Wakuu, watu hawakai tena mezani. Nitoe viti nibaki na kufungasha tu?

Mzawa wa Mwanga:
Habari zenu wakuu. Nina mgahawa hapa Kigoma, Mwanga, mwaka wa sita huu. Zamani ikifika saa saba mchana mtu anasimama mlangoni anasubiri mwenzake anyanyuke. Leo nauza sahani thelathini, na ishirini kati ya hizo ni "nifungie". Bodaboda anaingia na kofia kichwani, anabeba mifuko minne ya ofisi moja, huyoo. Mezani anabaki mzee mmoja na chai yake ya maziwa, anaangalia taarifa ya habari. Kodi laki tatu. Nafikiria kuhamia kibandani nifungashe tu. Naombeni ushauri, matusi hapana.

Binti Ujiji:
Nyumbani hawali, mgahawani hawali. Wangu kila siku ananiambia ameshiba. Anashibia wapi?

Mbeba Boksi:
Mkuu, si Kigoma tu. Huku Marekani Red Lobster walienda mahakamani kufilisika Mei 2024, TGI Fridays wakafuata Novemba. Watu wanaagiza kwa simu, wanakulia kwenye kochi. Ila Red Lobster walijimaliza pia: kamba wa kula mpaka uchoke kwa dola 20, na ardhi ya migahawa yao iliuzwa tangu 2014, wakageuka wapangaji palepale walipokuwa wenyeji. Mimi nimeosha vyombo sehemu kama hizo miaka miwili. Usiku wa Jumamosi vidole vinakunjamana kama vya maiti. Sasa hata sahani za kuosha hamna.

Fundi Meza:
Nani anapika?

Mzawa wa Mwanga:
Mpishi yupo. Swali langu ni viti.

Fundi Meza:
Yupo tangu lini?

Mzawa wa Mwanga:
Wa sasa ana mwaka hivi. Kabla yake alikuwa shemeji yangu, mke wa kaka. Tulishindwana. Sasa anapikia kwake, anapeleka hotpoti maofisini. Lakini msije mkasema ndiye aliyeondoka na wateja, haya ni mambo ya kisasa, Mbeba Boksi kaeleza. Tena yeye alianza kulalamika wakati biashara iko juu: Julai 2024 tulikuwa tunamaliza ndoo nzima ya migebuka mibichi kwa siku! Halafu viti thelathini nimeshauza, na kibanda nimeshalipia miezi mitatu. Siwezi kurudi nyuma.

Binti Ujiji:
Kumbe umekuja kutafuta baraka, ushauri ulishajipa.

Mwalimu Mstaafu:
Vijana, chakula ni watu. Sisi tulikula sinia moja, mkubwa hagusi kitoweo mpaka wadogo washibe. Leo kila mtu na kifuko chake kama mgonjwa wa wodini. Halafu mnashangaa ndugu hawasalimiani.

Binti Ujiji:
Mwalimu, kwetu mkubwa ndiye aliyemaliza kitoweo 😂

Mvuvi wa Kibirizi:
Jamani, mnakunywa chai na hamjui. Ziwa Tanganyika lilifungwa kuvua kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Julai hiyo mtumbwi wangu ulikuwa juu ya mchanga, mimi nimekaa naziba nyavu matundu, watoto wanakula maharage mpaka wanayaota. Wewe migebuka mibichi ndoo nzima uliivua bafuni? Huna mgahawa wewe. Mods wafunge uzi.

Binti Ujiji:
Chai ya yule mzee imemwagikia humu.

Mzawa wa Mwanga:
Si chai. Mgahawa upo. Migebuka ilikuwa ya friza, nilijaza mwanzoni mwa Mei. Ubaoni niliandika "ya leo", kila mfanyabiashara anafanya hivyo. Shemeji akagoma kuikaanga, akasema harufu yake anaijua tangu mlangoni. Ndipo maneno yalipoanzia, basi. Lakini watu walikula na walilipa.

Mvuvi wa Kibirizi:
Mara ngapi?

Mwalimu Mstaafu:
Kaka yako anasemaje?

Mzawa wa Mwanga:
Hatuongei. Turudi kwenye mada: kibandani niweke jiko la gesi au mkaa?

Fundi Meza:
Mkuu, viti vilivyobaki unauzaje? Nipo Katubuka. Kuna mama huku anapika, watu wanakula wamesimama uani kwake wameshika sahani. Kaniagiza nimtafutie kumi na mbili.