Mzee wa miaka 68, uvimbe wa ubongo: mionzi tu au na kemo?

Binti_Mzee: Habari zenu wadau. Baba alipasuliwa kichwa mwezi uliopita, majibu ya kinyama yametoka ni glioblastoma gredi 4, saratani kali ya ubongo. Daktari anataka mionzi wiki 3 pamoja na vidonge vya kemo, temozolomaidi. Kaka anasema mzee ana miaka 68, kemo itammaliza, apigwe mionzi tu basi, na vidonge vyenyewe bei yake tunachangishana ukoo mzima. Hivi tofauti ipo kweli?

Nesi wa Zamu: Pole sana dada. Ipo, ila si ya kupona, nakwambia mapema msije mkauza kiwanja kwa tumaini hilo. Utafiti wa 2005 ndo ulioanzisha vidonge pamoja na mionzi, lakini ule ulikuwa wa watu wasiozidi miaka 70 wengi wao vijana kuliko baba. Wa kwenu ni ule wa 2017, wagonjwa 562 wote miaka 65 kwenda juu, mionzi mara 15 kama anayopangiwa mzee. Waliopigwa mionzi tu nusu yao waliishi zaidi ya miezi 7.6, waliochanganya 9.3. Ulizeni kipimo cha MGMT kwenye kile kinyama, ni jeni inayosaidia uvimbe kujikarabati dhidi ya dawa, maana jeni hiyo ikiwa imezimwa vidonge vinashika zaidi, hapo ilikuwa miezi 7.7 kwa mionzi tu na 13.5 kwa waliochanganya. Hiyo siyo ndogo jamani. Na kwa hofu ya kaka, hali ya maisha kwa jumla haikupishana sana, ila kichefuchefu na choo kigumu viliongezeka kwa wa vidonge.

mama wawili: Mume wangu alitumia, akimeza tumbo tupu, kwanza dawa ya kutapika halafu vidonge saa moja kabla ya mionzi, hata wikiendi ambayo mionzi hamna alimeza. Damu ilipimwa kila wiki, kuna wiki pletileti (chembe za kugandisha damu) zilishuka vidonge vikasimamishwa mionzi ikaendelea. Alichoka, alilala sana, lakini kutapika mara mbili tu.

Binti_Mzee: Asanteni mno, MGMT hakuna aliyetutajia. Mzee anatembea mwenyewe na anakula, je hiyo inasaidia?

Nesi wa Zamu: Inasaidia sana, ndo kitu cha kwanza daktari anaangalia. Angekuwa wa kitandani ningekuwa upande wa kaka yako. Na mzee mwenyewe mmemuuliza anatakaje?

Binti_Mzee: Bado. Leo jioni nakaa naye.