Natafuta mtungi mkubwa wa oksijeni wa kukodi, Umoja. Haraka tafadhali

Mwana_wa_Kwanza · Jumatano 7 Aprili 2021, saa 1:12 jioni
Habari zenu. Mimi ni mgeni hapa, mniwie radhi nikikosea kanuni. Nahitaji mtungi mkubwa wa oksijeni wa kukodi, uletwe mtaa wa Umoja, Nairobi, kabla ya kesho saa nne asubuhi. Ni wa mzee wangu, miaka 67, ana korona. Nimeshapata mmoja, nataka wa pili wa akiba. Pia anayejua aniambie mtungi mmoja hukaa muda gani. Mwenye duka ananiambia "unakaa sana" na sijui sana ni ngapi. Wenye namba niwekeeni hapa.

Bonoko_wa_Dago · 1:19
Pole ndugu. Zunguka Industrial Area, kuna wanaojaza. Lakini uliza vizuri, usije ukauziwa gesi ya kuchomelea mageti ukampa mzee.

Mama_Shiru · 1:24
Pole mwanangu. Kabla ya mitungi, umemfukiza? Mwarobaini, mkaratusi, tangawizi, blanketi zito, asubuhi na jioni. Sisi ploti nzima tulijifukiza Desemba na hakuna aliyeenda popote.

Kimya_Kingi · 1:25
Nafuatilia.

Nesi_Mstaafu · 1:31
Mwenye uzi, nijibu matatu kabla hujakimbilia namba za watu. Kile kipimo cha kidole, cha oksijeni ya damu, kinasoma ngapi? Anavuta lita ngapi kwa dakika? Anatumia mrija wa puani au maski?

Na dada Mama_Shiru, mtu anayehema kwa shida usimfunike blanketi juu ya sufuria inayochemka. Nimeshauguza vidonda vya moto vya namna hiyo.

Mwana_wa_Kwanza · 1:40
91.

Nesi_Mstaafu · 1:41
91 akiwa na oksijeni au bila?

Mzee_Kijana · 1:44
Haya yote tuliyaleta wenyewe. Mikutano ya siasa kila wikendi, baa zimejaa, matanga watu mia tatu bila barakoa. Sasa kaunti tano zimefungwa, kafyu saa mbili, na vijana bado wanajifungia ndani ya baa kunywa mpaka asubuhi. Hatusikii mpaka tuumie.

Mwana_wa_Kwanza · 1:52
Akiwa na oksijeni. Lita 15. Maski yenye mfuko. Jamani nimeuliza mtungi tu.

Nesi_Mstaafu · 1:55
Ndugu yangu, lita 15 kwa maski ya mfuko hazitolewi sebuleni. Mzee yuko wapi sasa hivi?

Bonoko_wa_Dago · 2:03
Kafyu imeanza, wacha nihamie kitandani na simu. Mzee yuko wapi, bosi?

Mwana_wa_Kwanza · 2:37
Sawa. Yuko hospitali. Alilazwa Jumamosi, kabla ya Pasaka. Hospitali sitaitaja. Leo daktari amenipigia, amesema hali inaelekea kubaya, wanataka kumhamishia ICU, na akichoka kabisa watamwekea bomba kooni apumuliwe na mashine. ICU wanataka dipoziti kwanza, na kiasi walichotaja hata tukiuza ng'ombe wote wa nyumbani Kitui hakitimii. Ndugu yangu yuko Kitui na hawezi kuingia Nairobi kwa sababu ya kufungwa kwa kaunti. Kwa hivyo maamuzi ni yangu.

Nimeshatia sahihi fomu ya kumtoa. Tunamchukua kesho saa nne. Mtungi nimeulipia. Tafadhali msinihubirie. Mjomba wetu aliwekwa kwenye mashine hiyo mwezi Februari na hakurudi. Jirani hivyo hivyo. Sijaona aliyeingia akatoka. Na mzee mwenyewe anataka nyumbani.

Mama_Shiru · 2:41
Uiii.

Dawa_Baridi · 2:50
Mimi namuunga mkono. Hospitalini wanampa nini cha ajabu? Deksamethasoni, kidonge cha bei ya peremende. Nenda kemisti, nunua, mpe na maji ya limau. Hizo bili nyingine ni za kulipia marumaru.

Fundi_Geti · 2:58
Mimi nachomelea, mitungi ni maisha yangu. Hiyo ya hospitali haijazwi na watu wangu, lakini hesabu ni ile ile. Mtungi mkubwa, ule mrefu unaokaribia bega, ukijaa una kama lita 6,800. Gawanya kwa 15. Ni dakika 453, yaani saa saba na nusu. Siku moja ni mitungi mitatu na kidogo.

Sasa fikiria. Ukifungua mtungi saa mbili usiku kafyu ikianza, unakwisha saa tisa na nusu. Kafyu inaisha saa kumi. Hiyo nusu saa mzee atavuta nini? Na mtungi huo una uzito wa mtu mzima. Wewe unakaa ghorofa ya ngapi?

Mwana_wa_Kwanza · 3:04
Ya nne. Kuna vijana wa kubeba. Nimefikiria pia ile mashine ya stima inayotengeneza oksijeni.

Fundi_Geti · 3:06
Za kawaida hutoa lita tano, kubwa kumi. Na stima ya Umoja unaijua kuliko mimi.

Nesi_Mstaafu · 3:20
Dawa_Baridi, kidonge ni cha bei ndogo, hapo umesema kweli. Ndicho hicho watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walichokitangaza Juni 2020: 6 mg kwa siku, mpaka siku kumi. Kwa waliokuwa kwenye mashine vifo vilipungua kwa theluthi moja, kwa waliokuwa wakipewa oksijeni kwa moja ya tano. Kwa wasiohitaji oksijeni hakikusaidia kitu. Kwa hiyo usikimbilie kummezesha kila anayekohoa. Tena kinapandisha sukari vibaya. Mwenye uzi, mzee ana sukari?

Mwana_wa_Kwanza · 3:29
Anayo. Ya miaka mingi. Wanamdunga insulini tangu alazwe.

Nesi_Mstaafu · 3:33
Kila nikivuta kamba natoa kitu kingine. Basi sikiliza. Anapimwa sukari mara kadhaa kwa siku. Anadungwa sindano ya tumboni ili damu isigande, kwa sababu ugonjwa huu hugandisha damu mpaka kwenye mapafu. Kuna mtu anayemtazama saa nane za usiku maski ikiteleza. Hayo ndiyo unayoyatia sahihi kuyaacha.

Kuhusu mashine: anayewekwa pale ni yule ambaye yote mengine yameshindwa. Wengi hufa, sitakudanganya. Lakini kuilaumu mashine ni kama kuilaumu ambulensi kwa sababu kila inayembeba ni mgonjwa.

Mzee_Kijana · 3:41
Mimi babangu alikufa 1998 kwa malaria tu, tukiwa njiani na mkokoteni. Hakukuwa na haya ya kuchagua.

Aliyerudi · 3:58
Sijawahi kuandika hapa, husoma tu. Nililazwa Novemba 2020, siku kumi na tisa. Sikufika kwenye bomba ila nilikaribia. Kilichonisaidia, pamoja na dawa, ni kulala kifudifudi. Mapafu ya nyuma, yaliyolaliwa muda wote, hupata nafasi ya kufunguka. Ni rahisi kusema. Nilikuwa nageuzwa na mito mitatu, shingo ikauma, nikahesabu vigae vya sakafu mpaka nikavipa majina. Kipimo kilikuwa kinatoka 86 kwenda 93 mbele ya macho yangu.

Nataka kukuuliza kitu kimoja. Unasema mzee anataka nyumbani. Alisema maneno gani hasa?

Mwana_wa_Kwanza · 4:10
Nesi alimshikia simu ya video. Alisema "nyumbani". Mara mbili.

Aliyerudi · 4:14
Basi? Neno moja? Mimi ndani ya maski ile, na ule upepo unavyovuma masikioni, niliomba chaja, mke wangu akasikia chai. Akaleta chupa nzima getini na mandazi. Simu yangu ikazimika siku mbili, nyumbani wakadhani nimekufa.

Bonoko_wa_Dago · 4:16
😂😂 Samahani jamani. Ila hiyo ya chai...

Kachumbari_Kali · 4:31
Wacha niharibu sherehe. Niko jukwaa hili tangu 2012. Akaunti ya huyu ina siku tatu. Ametoka mtungi, akaja ICU, akaja ng'ombe wa Kitui, sasa sukari. Kinachofuata ni namba ya M-Pesa. Na nijibiwe: wodi za korona hawaingizi ndugu, sasa fomu ya kumtoa mgonjwa ametia sahihi wapi? Kwa WhatsApp? Halafu mgonjwa ana akili timamu, anaongea, kwa nini sahihi si yake?

Dawa_Baridi · 4:35
Hata mimi nilikuwa nashuku.

Bonoko_wa_Dago · 4:36
Wewe ulikuwa umeshamwandikia dawa!

Mzee_Kijana · 4:44
Mnakumbuka yule wa mtoto wa moyo? Tulichanga, tukaombea, kumbe mtoto ni picha ya kalenda. Alete risiti.

Fundi_Geti · 4:49
Risiti ya hospitali ina jina la mgonjwa, asiilete. Na kama ni uongo, hesabu yangu ya mtungi si uongo. Kuna mtu ataisoma na atakuwa na mgonjwa wa kweli.

Kachumbari_Kali · 4:53
Hesabu nzuri. Lakini mbona amenyamaza?

Mwana_wa_Kwanza · 5:20
Nimenyamaza kwa sababu nilikuwa naongea na mama. Sijaomba shilingi ya mtu na sitaomba. Fomu nilitia sahihi kwenye dirisha la malipo, chini, sikupanda wodini. Mzee hajaiona. Hilo la sahihi kuwa yake, hakuna aliyeniambia. Nilipewa karatasi na mtu aliyekuwa anahesabu pesa.

Mkidhani ni hadithi, sawa. Ningependa iwe hadithi.

Nesi_Mstaafu · 5:28
Hadithi au si hadithi, najibu. Karatasi hiyo inaweza kufutwa, na mgonjwa aliye na akili timamu huulizwa mwenyewe. Pigia wodi, usipigie ofisi ya malipo. Mwombe nesi wa zamu amuulize maswali ya kuitikia kwa kichwa tu. Pili, omba kuongea na ofisa wa ustawi wa jamii wa hospitali kuhusu dipoziti, na uulize kadi ya bima ya afya ya NHIF inagusa nini. Tatu, mwambie daktari atafute kitanda hospitali ya umma. Hospitali kwa hospitali wakipigiana wanasikilizana kuliko wewe ukizunguka na teksi. Akihama, ahame kwa ambulensi yenye oksijeni. Nne, nenda ulale.

Kachumbari_Kali · 5:31
Bado siamini. Lakini fanya alivyosema mama huyo.

Mwana_wa_Kwanza · Alhamisi, saa 6:47 mchana
Nimerudi. Nesi wa asubuhi amemuuliza. Hakuwa anaomba kwenda nyumbani. Alikuwa anauliza nyumbani tokeni za stima zimebaki ngapi, kwa sababu ni yeye hununua, na mama hajui kuziingiza kwenye mita.

Alipoulizwa kuhusu kutolewa alitikisa kichwa. Hapana. Nesi anasema alitikisa kwa nguvu mpaka maski ikasogea.

Karatasi nimeifuta. Hawajapata kitanda cha ICU kwingine, wamempa kwanza mashine ya mirija ya puani inayosukuma hewa kwa kasi, nimeambiwa inafika lita 60 kwa dakika. Fundi, hesabu hiyo usinipigie. Analala kifudifudi kwa zamu. Saa hizi ni 92.

Kuhusu bomba la kooni sijakubali. Nimewaambia leo hapana, kesho tuongee. Msianze tena. Mwenye mtungi amekataa kurudisha pesa, anasema mtungi ulishatoka dukani, na kweli uko hapa kwenye ngazi, ghorofa ya pili. Vijana walichoka.

Mama_Shiru · 6:52
Mungu ni mwema. Tokeni umenunua?

Mwana_wa_Kwanza · 6:53
Za mia tano.

Bonoko_wa_Dago · 6:58
Mtungi ufunge na mnyororo kabla haujauzwa kama chuma chakavu.

Kimya_Kingi · 7:15
Mimi ndiye niliyesema nafuatilia. Mama yangu ana miaka 61, ana mafua tangu wiki jana. Baada ya kusoma hapa nilinunua kile kipimo cha kidole. Kinasoma 84. Nimebadilisha vidole vyote. Lakini anaongea vizuri, amekula ugali, anatazama taarifa ya habari. Nadhani kipimo ni kibovu. Nisubiri jioni?

Aliyerudi · 7:16
Usisubiri. Mimi nilikuwa 82 nikifua nguo.

Nesi_Mstaafu · 7:16
Jivalishe wewe mwenyewe. Kinasoma ngapi?

Kimya_Kingi · 7:18
97.

Nesi_Mstaafu · 7:18
Basi kipimo ni kizima. Mko mtaa gani? Chukua kitambulisho chake, sweta, na chaja. Toka sasa.