Mtoto wa German Shepherd anakojoa ndani na kizimba hakitaki: tunakosea wapi?

Mpangaji wa Tabata

Wakuu, habari za jioni. Nina mtoto wa German Shepherd, dume, wiki tisa. Nyumba iko Tabata, chini ni marumaru, sebuleni kuna zulia. Nje kuna ua wa simenti na kipande kidogo cha majani nyuma ya tangi la maji. Kwa mfugaji alikotoka alilelewa kwenye banda la simenti.

Kwanza, tukimtoa nje ananusa, anakimbizana na majani, haendi haja. Akiingia ndani tu, anakojoa kwenye zulia. Pili, fundi ametutengenezea kizimba cha chuma cha sm 110 kwa 75, kimo 80, tukiwaza akikua tusiingie gharama nyingine. Analala kona moja, anakojoa kona ya pili. Tatu, mlango ukifungwa analia mpaka jirani anagonga ukuta.

Mimi na mke wangu tunatoka saa 12 asubuhi, na kwa foleni ya Barabara ya Mandela tunarudi saa 1 usiku. Mchana yupo dada wa kazi, ila akikuta mkojo anamchapa na fagio. Naomba utaratibu kamili, siyo "vumilia tu atazoea".

---

Mfugaji wa Goba

Mkuu, anza na kizimba, maana hicho ndicho kinachovuruga mengine. Mbwa hapendi kulala juu ya mkojo wake, na kizimba kinasaidia kwa sababu hiyo tu. Kwenye sm 110 mmempa chumba na choo humo humo. Akizoea kulala hatua mbili kutoka kwenye mkojo, kizimba hakitakusaidia tena na kumrudisha ni kazi ngumu. Mpime kutoka puani hadi shina la mkia, ongeza sm 10 hadi 15, huo ndio urefu wake wa leo. Kwa umri huo hautazidi sana sm 60. Asimame bila kuinamisha kichwa, ajigeuze, alale ubavu. Kilichobaki kizibwe, na kizuizi kisogezwe kadiri anavyorefuka.

Saa zake: chukua umri kwa miezi, ongeza moja. Miezi miwili ni saa tatu, na hizo ni za juu kabisa, tena usiku akiwa usingizini. Mchana akiwa macho, anacheza na kunywa maji kwa joto letu hili, hesabu dakika 45 hadi saa moja. Juu ya hapo atolewe kila anapoamka, hata kama alisinzia dakika kumi. Atolewe dakika 5 hadi 20 baada ya kula, kwa sababu tumbo likipokea chakula utumbo mpana nao huanza kusukuma. Na akiacha mchezo ghafla akaanza kunusa sakafu huku anazunguka, mbebe hapo hapo, usimwite.

Sasa hilo la kurudi kukojoa ndani. Mnamfungulia ua mzima, kwa hiyo kwake nje ni uwanja wa michezo. Mfunge kamba ya mita moja na nusu, mpeleke kona ile ile kila mara, usimame tuli. Usimsemeshe. Subiri dakika tano. Akianza kukojoa, tamka neno lenu kwa sauti ya chini, "kojoa" au lolote, mradi nyumba nzima mtumie hilo hilo. Akimaliza, na si kabla, mpe kipande cha nyama palepale, ndani ya sekunde mbili tatu. Watu wengi hutoa zawadi wakifika mlangoni. Hapo mbwa anajifunza kwamba kinacholipwa ni kurudi ndani, ndiyo maana unakuta anakatisha mkojo nusu akimbilie mlango. Asubuhi usiwe na haraka, kwani wengi hukojoa mara mbili.

Dakika tano zikiisha bila kitu, asiachiwe sebuleni. Arudi kizimbani dakika 10 hadi 15, kisha nje tena kona ile ile. Uhuru wa sebule ni wa mbwa aliyekwisha kukojoa, na ni wa nusu saa, chini ya macho ya mtu. Hapa ndipo watu huchoka mapema, halafu wanasema mbwa ni mbishi.

Zulia likunjwe mpaka afuzu. Na kwa kuwa alilelewa kwenye simenti, nyayo zake zinatafuta sakafu ngumu. Watoto wa mbwa huzoea aina ya sakafu ya kujisaidia mapema sana, kabla hata hawajafika kwako. Kama unataka aende kwenye majani, futa mkojo wake kwa kitambaa, kiweke kwenye majani na ukikandamize kwa jiwe. Au kubali kona ya simenti uani uwe unamwagia maji. Binafsi ningechagua simenti, kazi inaisha upesi.

Kusafisha ndani: kausha kwanza kwa kitambaa, usisambaze kwa dekio. Kisha siki nyeupe na maji kiasi sawa, acha dakika kumi, futa. Angalia viungio vya marumaru, ile simenti nyeupe kati ya kigae na kigae: mkojo huingia humo, wewe husikii kitu lakini pua yake inasoma "choo". Sugua hapo kwa mswaki wa zamani. Ukipata kwenye duka la dawa za mifugo dawa ya kusafishia yenye vimeng'enya, ni bora kuliko siki. Usimwage Jik juu ya mkojo mbichi. Mkojo una amonia, vikichanganyika hutoa hewa inayochoma macho na kifua.

---

Fundi Geti

Kizuizi usiweke plaiwudi, kwa umri huo ataitafuna na kumeza vibanzi. Mwambie fundi akate kipande cha wavu wa kuchomelea wa matundu ya inchi moja, akizungushie fremu ya bapa, akifunge kwa bolti na nati upande wa nje ili uweze kukihamisha. Bainding waya hapana, ncha zake huchoma macho.

Ukiwa hapo kagua na nafasi kati ya nondo. Kichwa kikipita na mabega yasipite, hiyo ni hatari. Nafasi ya zaidi ya sm 3 kwa mtoto mdogo izibwe kwa wavu huo huo. Pitisha kiganja kwenye kila kona iliyochomelewa, palipo na ukali ipitishwe grainda. Sakafu isiwe ya wavu mtupu, vidole hunasa. Weka bati bapa lililokunjwa kingo kama trei. Kikipakwa rangi, kikae nje mpaka harufu iishe kabisa. Na mkanda wa shingoni avuliwe kila anapoingia, maana ukinasa kwenye nondo atajinyonga.

---

Mzee wa Ukonga

Mnazungusha maneno. Mshike, msugue pua kwenye mkojo mara mbili tatu, ataelewa. Zamani ndivyo tulivyofanya.

---

Bwana Mifugo

Mzee wangu shikamoo, lakini hapo hapana. Mbwa anaunganisha adhabu na kile kilichotokea sekunde hiyo, siyo mkojo wa dakika kumi zilizopita. Anachojifunza ni kwamba mtu akiwepo na mkojo ukiwepo, kuna kipigo. Matokeo yake anajificha nyuma ya kochi kukojoa, wengine hula kinyesi chao, na hawezi tena kukojoa mbele yenu hata nje kwenye kamba. Fagio la dada linafanya kazi hiyo hiyo. Ukimkuta katikati ya tendo, piga makofi mara moja ashtuke, mbebe nje amalizie huko, umpe zawadi. Ukikuta dimbwi tayari, futa tu.

Kwa mwenye uzi: kabla ya kumlaumu, hakikisha ni mzima. Akikojoa vitone vitone kila baada ya dakika chache, au anajikamua, au mkojo una damu, hilo ni la daktari, mafunzo hayatalitibu. Anayeharisha hawezi kujizuia. Dawa ya minyoo kwa umri huo hurudiwa kila wiki mbili hadi wiki 12. Chanjo ya pavo na distempa, magonjwa ya virusi ya mbwa, hurudiwa kila wiki tatu hadi nne mpaka wiki 16, ya kichaa cha mbwa hutolewa anapofika wiki 12. Mpaka mzunguko huo ukamilike, choo chake kiwe ndani ya ukuta wenu, siyo barabarani wanakopita mbwa koko. Virusi vya pavo hukaa kwenye udongo miezi mingi. Kinyesi kiondolewe siku hiyo hiyo, hasa kama kuna watoto wanaocheza uani, kwa sababu mayai ya minyoo huanza kuambukiza baada ya wiki kadhaa kwenye udongo.

Chakula nacho kinachangia. Milo mitatu hadi minne kwa saa zilezile, sahani iondolewe baada ya robo saa. Anayeachiwa sahani kutwa nzima huwezi kujua atakwenda choo lini. Dagaa wenye chumvi humnywesha maji kupita kiasi, waloweke na kumwaga maji yale. Maziwa ya ng'ombe yanaharisha wengi. Maji ya kunywa usimnyime mchana. Ondoa bakuli kama saa moja na nusu kabla ya kulala, na usiku ukiwa wa joto kali mwachie kidogo.

---

Mama Kigamboni

Niongezee la kulia, naona limerukwa. Mlango wa kizimba mnaufunga mapema mno. Anza na mlango ukiwa wazi, umeshikiliwa kwa kamba usijifunge na kumpiga mgongoni. Milo yote iliwe humo, sahani ikae mwisho kabisa. Akiingia mwenyewe bila kusita, funga mlango anapokula na ufungue kabla hajamaliza. Kisha baada ya kumaliza, dakika moja. Kisha tano mkiwa mmekaa hapo, kisha mkitoka chumbani na kurudi. Wengi hufika nusu saa ndani ya wiki moja. Mpe kitu cha kutafuna, ila mfupa wa kuku uliopikwa hapana, hupasuka vipande vyenye ncha. Makombo yafagiliwe humo kila siku. Sisimizi wakimuuma usiku, hutamrudisha kirahisi.

Akilia, subiri anyamaze hata sekunde mbili ndipo ufungue. Ukifungua katikati ya kilio umemfundisha kulia. Lakini kuna kilio cha aina nyingine: anatoka mate mengi, anang'ata nondo, anakwaruza mpaka kucha zinatoka damu. Huyo ana hofu, mtoe, urudi hatua za nyuma.

Usiku kizimba kiwe chumbani kwenu, kando ya kitanda, jirani atapumzika. Choo cha mwisho saa 4 usiku, weka kengele saa 7 na saa 10, kisha asubuhi mnapoamka. Mtoe kimya kimya, taa hafifu, hakuna mchezo, arudi kulala. Akianza kulala mpaka kengele imwamshe, sogeza muda mbele nusu saa nusu saa hadi ibaki mara moja, halafu isiwepo.

Ushauri wa kufunika kizimba chote kwa shuka, mnaouona kwenye video za kutoka nchi za baridi, kwa Dar muuache. Desemba mpaka Machi, kwenye unyevunyevu huu, mbwa anapoza mwili kwa kuhema, na chini ya shuka hewa haizunguki. Funika upande mmoja tu. Kisiwe barazani chini ya bati wala panapopigwa na jua la jioni. Umeme ukikatika na feni ikasimama, chupa ya maji yaliyoganda, iliyofungwa kitambaa, iwekwe pembeni yake.

---

Mpangaji wa Tabata

Nashukuru sana wakuu, fundi anakuja kesho kuweka kizuizi. Yamebaki mawili. Dada hawezi kumtoa kila saa, tufanyeje kwa mchana? Na mama mkwe anakuja kukaa mwezi mzima, yeye anaswali, hataki mbwa sebuleni.

---

Mama Kigamboni

Kaka, kizimba siyo cha kutwa nzima. Mchana kwa umri huo kisizidi saa mbili mfululizo, na hata akikua kisizidi nne au tano. Tengeneza uzio mdogo wa mita moja na nusu kwa moja na nusu kwenye korido ya nyuma au jikoni, kizimba kiwe ndani yake mlango wazi, na mwisho wa pili weka trei ya sm 60 kwa 90 yenye kingo fupi na mchanga mkavu wa sm 5. Trei iwe mbali na chakula na maji. Usiweke magazeti, atakapohamia sebuleni atakojolea kila karatasi iliyo sakafuni. Dada amtoe mara nne tu: saa 2 asubuhi, saa 5, mara baada ya mlo wa saa 7, na saa 10. Mwandikieni, mbandike kwenye friji, na nyama za zawadi ziwe kwenye kopo karibu na mlango. Mpunguzieni kazi nyingine kidogo, maana hii ni kazi kweli.

Trei hiyo itawafaa na wakati wa masika. Watoto wengi wa mbwa hawataki kukanyaga maji, watashikilia mpaka warudi ndani. Siku za mvua isogezeni chini ya paa la nje, halafu kila baada ya siku chache isogezeni karibu zaidi na ile kona yenu.

Kwa mama mkwe, uzio huo huo unamaliza shauri. Waislamu wa madhehebu ya Shafi, ambao ndio wengi pwani hii, huosha mara saba, moja kwa udongo, kilichoguswa na mate au unyevu wa mbwa. Kwa hiyo mswala, ndoo ya udhu na kandambili za kuendea msalani visipite upande wa korido hiyo. Bakuli, kamba na dekio la mbwa viwe vyake peke yake, vyenye rangi tofauti na vya nyumbani. Mwelezeni kabla hajafika.

---

Mfugaji wa Goba

Na mtu asimwinamie kwa sauti kubwa anaporudi kazini saa 1. Watoto wengi hukojoa kwa kunyenyekea wakisalimiwa hivyo, hilo siyo kosa la choo. Pita moja kwa moja, mfungulie mlango wa nyuma, mwende kwenye kona yake, salamu zifuate huko. Tegemea awe wa kuaminika akiwa na miezi minne hadi sita. Akifika miezi sita na kuendelea, dume anaweza kuanza kunyanyua mguu kwenye makochi. Hapo mrudishe kwenye kamba na nusu saa zake kwa wiki kadhaa.